Mwanangu wa miaka 15, Dodoma, na ukimya wa nyumbani: wazazi wenye watoto wa rika balehe tuzungumze

#1 MamaWaNzuguni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kipande kipande ndani ya basi la watumishi, asubuhi nikienda kazini Mtumba na jioni nikirudi. Kabla ya kuuweka hapa nimemwomba ruhusa mwenyewe anayehusika. Kanikubalia kwa masharti: nisitaje jina lake wala shule yake, na kuna jambo moja kanikataza kabisa. Hilo halimo.

Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilitangulia peke yangu, watoto wakabaki Dar kwa dada yangu, Tabata. Baba yao yuko kazini Geita, tunamwona mara moja kwa miezi miwili. Mwaka jana likizo ya mwezi wa sita nikawaleta wote watatu. Wadogo walizoea ndani ya wiki mbili. Walipata mchanga wa kuchezea na paka wa jirani, yakaisha. Mkubwa alikuwa na miaka 14, anaingia muhula wa pili wa kidato cha kwanza katika shule mpya.

Huyu mtoto Tabata alikuwa wa maneno. Akiosha vyombo anatangaza mpira, sahani ndiyo timu moja na vikombe timu nyingine, mpaka majirani wanauliza matokeo. Tulipofika Nzuguni sauti ile ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Namuuliza shule vipi, "kawaida". Umekula, "ndiyo". Una rafiki, "wapo". Jioni anakwenda nyuma ya nyumba, anakaa kwenye msingi wa simtanki, anatazama barabara ya vumbi. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua. Namwita aingie ndani, anasema "nakuja", haji.

Nikasema moyoni: jeuri ya kubalehe hiyo imeanza.

Halafu likatokea la Jumapili, na hili nalisimulia kwa aibu. Wifi yangu na mumewe walikuja chakula cha mchana, na wenzangu wawili wa ofisini. Simu yake ilikuwa inachajiwa pale mezani, ikaingia meseji. Nikaichukua nikasoma. Alikuwa anamwandikia rafiki yake wa Tabata habari za binti mmoja wa darasani ambaye tangu afike hajathubutu hata kumsalimia. Nikaona ni kitu cha kuchangamsha meza. Nikaisoma kwa sauti. Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Akaweka sahani chini. Akanyanyuka, akaitoa simu mkononi mwangu taratibu, akasema, "Asante, mama." Akatoka.

Kwa wiki saba hakula mezani. Anapakua, anakwenda kwenye simtanki. Hakunitukana wala hakufeli. Shikamoo yangu napata kila asubuhi, kazi za nyumbani anafanya. Lakini mtoto hakuwepo.

Nilianza kutafuta kuelewa kwa sababu niliogopa. Mwenzangu mmoja aliyesomea ushauri nasaha alinikalisha chini saa ya chakula akanieleza mambo ambayo, nasema kweli, nilistahili kuyajua kabla ya kuzaa. Kwamba katika rika hili ile sehemu ya ndani ya ubongo inayowasha hisia na kutamani raha imeshapamba moto, na ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima na kusubiri na kuona matokeo, inaendelea kujengwa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Kwa hiyo aibu anayoisikia kijana wa miaka 14 ni nzito, na nguvu ya kuibeba bado haijakamilika. Alinitajia pia Erik Erikson, mwanasaikolojia ambaye mwaka 1950 aliandika kwamba kazi kubwa ya umri huu ni kijana kujibu swali "mimi ni nani", na kwamba kijana anajibu swali hilo kwa kujitazama machoni pa wenzake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya kwa kumhamisha, achilia mbali ile meseji. Mtoto wa miaka 6, kwao ni pale alipo mama. Ukimhamisha mama umehamisha kwao. Wa miaka 14, nusu ya kwao ni wenzake, na wenzake hawakupakiwa kwenye lori. Mimi nilipewa barua ya uhamisho na posho yake. Yeye aliambiwa funga begi.

Sasa sikieni lililonifanya nianzishe uzi.

Jirani na stendi ya bodaboda mtaani kwetu kuna mzee fundi baiskeli, anakaa chini ya mwarobaini. Mwezi wa tisa nilishuka basi mapema nikamwona mwanangu pale, amechuchumaa kwenye beseni la maji. Ameshika tyubu iliyojazwa upepo, anaizamisha kidogo kidogo, anaizungusha, anasubiri mapovu yamwonyeshe palipotoboka. Mzee anakaza spoku za gurudumu jingine. Hawasemeshani. Nilisimama nyuma ya kibanda cha vocha karibu dakika kumi. Mapovu yakatoka, akaweka kidole, akaweka alama kwa chaki. Mzee akamtupia neno moja ambalo sikulisikia, na mwanangu akajibu sentensi ndefu. Ndefu hasa, yenye "kwa sababu" na "lakini" ndani yake. Nilikuwa sijasikia sentensi kama ile tangu Tabata.

Wivu ulinikaba, sitaki kuficha. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikalia.

Usiku ule nikamkumbuka somo yangu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilipovunja ungo mama yangu hakunieleza kitu. Aliniita asubuhi, akanifunga kanga, akanipeleka kwa rafiki yake wa siku nyingi, akasema "huyu ndiye somo yako". Mama yule alikuwa msusi wa mikeka. Kila alasiri nilikaa naye nikisuka ukili, na mambo yote ya mwili, ya wanaume, ya heshima, ya hasira, niliyapata pale, macho yakiwa kwenye ukili. Mambo ambayo nisingeweza kumuuliza mama hata kwa dawa. Na mama alijua. Alimchagua mtu, akanikabidhi, akakaa pembeni.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Naamini kijana wa rika hili anahitaji mtu mzima mmoja ambaye si mzazi wake. Mzazi ana hofu nyingi mno, kila jibu la mtoto linamshtua, na mtoto analiona. Wazee wetu walilijua hilo wakaliwekea utaratibu. Sisi tumehamahama, tumejenga uzio na geti, bibi yuko mkoani, mjomba yuko kwenye simu. Nani ni somo wa watoto wetu huku Dodoma?

Nawasilisha. Naomba mawazo yenu, hasa walimu na wenyeji.

#2 Mwalimu_Mbande

Mleta mada, nimesoma mpaka mwisho. Nafundisha sekondari wilaya ya Kongwa, mwaka wa kumi na moja sasa.

Hilo la mikono kuwa na kazi, kama ukili wako na tyubu ya mwanao, ni kweli tupu. Ukimwita kijana ofisini ukamkalisha mbele ya meza ukasema "niambie tatizo lako", hutapata kitu. Anakutazama mdomo mpaka kengele ilie. Mimi nina bustani ya mchicha nyuma ya maabara. Nikimtaka mwanafunzi nasema njoo unisaidie kumwagilia. Ndoo ya tatu au ya nne, huku kila mtu anatazama tuta lake, maneno yanatoka. Nimepata habari za baba mlevi, za mimba, za mtoto anayelala njaa, zote kwenye ule mchicha.

Nyongeza kidogo kuhusu wenzao. Tuna korongo kati ya shule na kijiji. Kijana akiwa peke yake na baiskeli anashuka, anaikokota, anavuka. Wakiwa watano wanalirukia. Kijana yule yule! Nilidhani ni utundu wa kwetu, mpaka niliposoma jaribio la watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, la mwaka 2005. Waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine rafiki zao wakiwatazama. Watu wazima waliendesha vile vile tu. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana mbele ya wenzao. Tangu hapo mwanafunzi akifanya upuuzi, swali langu la kwanza ni "nani walikuwepo?" Linanifundisha mengi kuliko "kwa nini?"

#3 MzeeWaKibaigwa

Mama, unajilaumu bure. Mtoto kula nje ya meza wiki saba ni jeuri, na jeuri ina dawa yake. Sisi tulilelewa kwa fimbo tukawa watu. Baba akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Leo mnamwomba mtoto ruhusa ya kuandika! Msiwadekeze, dunia haitawadekeza.

#4 NesiWaZamu

Mzee wangu shikamoo. Kila mtu ana uzoefu wake, nauheshimu. Mimi naongea kutokana na ninachokiona kituoni.

Kwanza kwa mleta mada, na wazazi wote. Ukimya wa kawaida wa umri huu na ukimwa wa kuumwa ni vitu viwili, tusivichanganye. Mwanao aliendelea kwenda shule, kufanya kazi, kusalimia, na alipata sehemu ya kukaa na kugusa kitu. Huyo anaumia lakini anatembea. Wasiwasi wangu ni kwa kijana ambaye kwa zaidi ya wiki mbili hataki hata vile alivyovipenda, usingizi umeharibika, chakula kimemshinda, anagawa vitu vyake, au anatoa maneno kama "bora nisingekuwepo". Hapo usisubiri wala usiseme anatafuta huruma. Muulize wazi kama anafikiria kujiumiza. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Kisha nenda naye kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa.

Na hapa kwetu Dodoma tuna kikwazo chetu. Hospitali ya Mirembe iko mjini, ina wataalamu wanaotegemewa nchi nzima, lakini jina lake tumeligeuza tusi. "Wewe wa kupelekwa Mirembe." Mtoto amekua anasikia hivyo kila siku, unadhani atakwambia kichwani hakuko sawa? Tuanze kulifuta midomoni mwetu sisi.

Kama huna pa kuanzia, kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, haina malipo, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

La mwisho: usingizi. Wazazi wengi wanaleta kesi ya "mvivu, haamki". Mwili wa kijana balehe huchelewa kutoa ile homoni ya usingizi, melatonini, kwa hiyo usiku hasikii usingizi mapema, na anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa mwenye kuamka saa kumi na nusu awahi daladala, amelala saa ngapi? Hasira nyingi za asubuhi tunazoziita utovu wa nidhamu ni usingizi.

#5 NesiWaZamu

Samahani, hapo juu ni "ukimya wa kuumwa". Naandika kwa simu, nipo zamu.

#6 Binti_Mpwapwa

Nina miaka 19, nasoma mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Naomba niseme upande wetu, maana sijasahau bado.

Nilipokuwa na miaka 13 sketi yangu ya shule ilikuwa imepanuliwa pindo kwa sababu nilirefuka ghafla. Lile pindo la zamani likabaki mstari mweupe kuzunguka magotini. Kwa miezi nilitembea nimeshika begi mbele ya magoti. Nilijifunza kukaa, kupanda ngazi, hata kujibu swali ubaoni, begi likiwa pale pale. Mama akasema, "Nani anakuangalia wewe?" Mama yangu ni mpole, alitaka kunipa moyo. Lakini mimi nilijua ni shule nzima. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Sasa ndugu wazazi, mkitusema mbele za watu, mjue tayari tulikuwa na hao watu kichwani. Mleta mada, mwanao aliposema "asante mama", nimesikia tumboni.

Na jambo jingine. Mtu anaponyamaza, mara nyingi anasubiri aone kama utaendelea kuwepo bila kuuliza. Baba yangu alikuwa ananiletea karanga. Anaziweka mezani pangu, anaondoka. Sikuwahi kumshukuru hata siku moja. Nazikumbuka zote.

#7 MamaWaNzuguni

Binti, Mungu akubariki. Nimesoma hili la pindo mara tatu.

Yule mwenzangu wa ofisini aliniambia jambo hilo hilo lina jina. David Elkind, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1967 aliliita hadhira ya kufikirika: kijana anaishi kama yuko jukwaani, na kila mtu amenunua tiketi kuja kumtazama yeye. Mimi Jumapili ile nilichukua jukwaa la kichwani mwake nikalileta sebuleni, nikaliwekea viti na pilau.

#8 MgogoWaBahi

Mbukwenyi! Mleta mada umeuliza wenyeji, nami ni mwenyeji.

Jando letu lilikuwa baada ya mavuno, baridi imeingia. Tulitolewa nyumbani wavulana wa rika moja tukakaa porini, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwangalia kidonda na kumfundisha. Kulikuwa na nyimbo za kila jambo. Nyimbo za heshima kwa mkwe, za kazi, na nyingine ni mafumbo ambayo mengine nimeyaelewa nikiwa na watoto watatu. Yule aliyeniangalia bado yuko hai. Nikigombana na mke wangu mpaka leo nakwenda kwake, sio kwa baba.

Siku hizi tunawapeleka hospitali, na ni vizuri, kuna usafi na dawa ya ganzi. Asubuhi anakwenda, mchana yuko nyumbani na panadoli. Lakini tazameni tulichofanya: tohara imebaki, jando limeondoka. Hatukubeba yale maneno tukayapeleka mahali pengine. Mwanangu mkubwa alitahiriwa kliniki hapa mjini, na siku ya tatu nilimuuliza "umepona?", akasema "ndiyo", na hayo ndiyo yakawa mafunzo yake yote ya utu uzima. Ninaona aibu kuandika hivi.

#9 DadaWaKondoa

Mgogo, nakusikia, lakini nisimame hapa kidogo kwa niaba ya wasichana.

Utaratibu huo huo wa wazee mikoa yetu ya kati uliwapitisha wasichana wengi kwenye ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na baadhi walichofanya ni kuwakeketa wakiwa wachanga ili wasijulikane. Nina dada zangu wenye makovu. Na binti akishachezwa ngoma, watu walianza kumwona mke. Kwa hiyo tunapotamani ya zamani tuchambue kama mchele. Maneno tuyachukue, kisu tukiache.

Na mleta mada, unisamehe, nakuuliza kwa upendo. Huyo fundi unamjua? Mtu mzima asiye ndugu, anakaa na mtoto wako kila jioni, wewe uko Mtumba. Somo wako mama yako alimchagua. Huyu alijitokeza tu.

#10 MamaWaNzuguni

Dada, swali lako ni la haki, na ni swali nililolala nalo usiku ule baada ya wivu kupoa.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Nilipeleka baiskeli ya mdogo wake iliyokatika mnyororo, nikaomba kigoda, nikakaa. Nilikaa jioni tatu kwa wiki mbili. Niliuliza majirani, nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa, nilikutana na mke wa mzee, anauza ubuyu hapo hapo pembeni. Kazi yenyewe iko barabarani, kila mtu anaona. Sheria nilizoweka ni chache na nimezisema mbele ya wote wawili: hakuna kwenda ndani ya nyumba ya mtu, hakuna zawadi za kificho, na hakuna mtu mzima mwenye haki ya kumwambia mtoto "usimwambie mama". Mzee alizisikiliza akaitikia, "Hata mimi nina wajukuu." Angenuna, ningemwondoa mtoto siku ile ile.

Ila tofauti nimeiona kati ya kumchunguza mzee na kumchunguza mtoto. Mzee nilimhoji waziwazi. Mtoto sikumuuliza wanaongea nini. Mara moja tu, wiki ya pili, mzee mwenyewe aliniambia bila kuulizwa: "Mama, huyu hana jeuri. Huyu ana msiba." Nikauliza msiba wa nani. Akasema, "Wa rafiki zake." Halafu akarudi kwenye spoku zake.

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufiwa na watu walio hai.

#11 Mwalimu_Mbande

Hapo kwenye msiba nimeweka simu chini kwanza.

Mzee wa Kibaigwa, sijakupuuza. Nami nilichapwa, na nimewahi kuchapa. Nilichojifunza darasani ni kwamba mtoto anayechapwa kwa kila kosa anakuwa hodari wa kuficha. Tabia haibadiliki, inahama tu kwenda pale usipoona. Na mtu wa umri huu akishakuwa na pale usipoona, akipata shida kubwa, shida yake itakuwa huko huko.

#12 MzeeWaKibaigwa

Nimekaa na uzi huu siku mbili. Nilitaka kujibu kwa hasira, nikafuta.

Nina kijana wangu, sasa ana miaka 24. Alipokuwa kidato cha tatu niliambiwa na watu amekutwa disko. Nilimchapa mbele ya wadogo zake na mbele ya wateja wangu wa mahindi pale sokoni. Hakulia. Mwezi huo huo aliondoka, akaenda Mirerani machimboni. Anapiga simu kila Jumapili. Nikipokea mimi anasema, "Shikamoo baba, mpe mama." Miaka minane sasa, maneno manne. Nayahesabu.

Baadaye nilijua usiku ule hakuwa disko. Alikuwa amemsindikiza mwenzake aliyekuwa na mgonjwa.

Mama wa Nzuguni, wewe ulimwambiaje wako?

#13 MamaWaNzuguni

Mzee wangu, shikamoo. Asante kwa kuandika hili, najua halikuwa rahisi.

Nilipanga hotuba ndefu. Nilitaka kumweleza habari za uhamisho, uchovu, baba yao kuwa mbali. Yule mwenzangu akaniambia, ukiweka "lakini" ndani ya msamaha umeuvunja. Basi jioni nilichukua vikombe viwili vya chai nikaenda kwenye simtanki. Nikakaa upande wake, sote tunatazama barabara. Nikasema, "Nilikosea kusoma meseji zako mbele za watu. Nilikudhalilisha. Sitarudia." Akasema, "Sawa." Tukanywa chai. Haikutokea kitu kingine. Siku ya tatu yake alirudi mezani, na hakuna aliyemtania, maana niliwaonya wadogo zake mapema.

Kwa wako mimi sijui njia nyingine zaidi ya hiyo. Jumapili akisema "mpe mama", usimpe haraka. Mwambie ulichokosea, pamoja na lile la watu kuwepo, kisha mpe mama yake simu. Usimdai jibu.

#14 NesiWaZamu

Na asipojibu Jumapili hiyo, Mzee, usikate tamaa. Miaka 24 ubongo wenyewe ndiyo kwanza unamalizia ujenzi. Bado ni kijana huyo.

#15 MgogoWaBahi

Mimi nimechukua hatua moja. Kaka yangu mdogo ana karakana ya kuchomelea Kizota. Nimekwenda kwake rasmi na jogoo, kama wazee walivyofanya, nikamwambia mwanangu namkabidhi kwako Jumamosi. Akacheka, akadhani natania. Kisha akaona jogoo kafungwa miguu.

#16 MamaWaNzuguni

Wakuu, mrejesho.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilimkatia tiketi ya treni ya mwendokasi, akaenda Tabata wiki mbili kwa wenzake. Watu waliniambia akienda hatataka kurudi. Alirudi siku aliyosema. Nilimsubiri stesheni, akashuka na mfuko wa kashata na kofia ya mtu mwingine. Njiani alisema tu kwamba Tabata wamehamisha goli, sasa liko upande wa mferejini. Sikuuliza chochote.

Jana usiku, saa tano, nilikuwa jikoni nachambua maharage ya leo. Wadogo wamelala. Akaingia, akavuta stuli, akachukua ungo wa pili bila kuambiwa, akaanza kuchambua. Tulifika nusu ya kilo kabla hajafungua mdomo. Kisha akaongea mpaka saa saba kasoro. Alizungumza habari za Tabata, za shule, za yule binti, na za lile jambo alilonikataza kulitaja.

#17 DadaWaKondoa

Alhamdulillah! Tumengoja hii siku na wewe. Tupe basi walau kidogo, alisemaje kuhusu binti? 😊

#18 MamaWaNzuguni

Dada yangu, unisamehe. Hayo ni ya kwake.